Kila Mwanamume Mjenzi: Nyumba za Tambarare ya Kyela Kabla ya Bati

Joseph Thomson alikuwa na umri wa miaka 21 alipofika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa mwezi Septemba 1879. Mkuu wa msafara wake, Keith Johnston, alikuwa amefia Behobeho mwezi Juni, na kijana huyo wa Kiskoti akajikuta amerithi uongozi ambao hakuutarajia. Kitabu alichokichapisha mwaka 1881 kina mengi yaliyoandikwa kwa majivuno ya Wazungu wa zama zile, na hakikuwasifu wenyeji ovyo. Lakini alipoingia katika nchi ya Wanyakyusa kalamu yake ilibadilika. Alieleza migomba iliyosheheni mikungu, uwanja uliofagiliwa kiasi kwamba huoni jani lililoanguka, na katikati yake nyumba za mviringo zenye paa la pia. Kuta zake ziliinamia nje. Udongo ulikuwa umefinyangwa vizuri katika matofali madogo ya mviringo, ukapambwa kwa madoadoa yaliyopangwa kwa ulinganifu, na nyasi za paa ziliezekwa kwa unadhifu. Akamalizia kwa kusema kwamba nyumba za namna hii zingestahili kusimama katika bustani ya mkuu yeyote wa kwao.

Ikolo ni kata katika tambarare ya Kyela, upande huo huo wa kaskazini wa ziwa. Atakayepita leo atakuta nyumba za tofali za kuchoma zilizoezekwa bati, za pembe nne, zenye madirisha madogo na upenu mfupi, sawa na zile za Iringa, Singida au Tabora. Nyumba aliyoieleza Thomson imekwisha. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni mafupi: maendeleo yalikuja, mwanzi na nyasi vikashindwa na tofali na bati. Maelezo hayo yana kweli ndani yake, lakini yanaanzia mahali pasipo sahihi. Nyumba ile ilikuwa na shule yake, na shule hiyo ilikuwa desturi ya vijiji vya rika, vilivyoanzishwa na wavulana wa umri mmoja, ambayo wanahistoria na wanaanthropolojia wameiandika sana kama jambo la siasa na undugu, huku wakiligusa kidogo mno suala la ujenzi. Shule ilipokufa, maarifa ya kujenga kwa ajili ya tambarare hii yalipotea. Bati lilikuja kuziba pengo.

Ili kulipima dai hili nitamleta mtu wa mbali, msanifu majengo Glenn Murcutt wa Australia. Alizaliwa London mwaka 1936, wazazi wake wakiwa Waaustralia, na miaka yake ya kwanza aliishi wilaya ya Morobe, New Guinea, ambako baba yake alitafuta dhahabu na kufanya ujenzi. Familia ilirudi Australia wakati vita vya Pasifiki vinakaribia, naye akiwa na umri wa miaka mitano hivi. Utotoni alifanya kazi za mikono katika karakana ya baba yake, na baba huyo huyo ndiye aliyemwekea mezani maandishi ya mwandishi Henry David Thoreau na picha za nyumba za msanifu Mies van der Rohe. Akasomea usanifu Sydney, akaajiriwa katika ofisi za watu wengine, kisha mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kufanya kazi peke yake. Hajawahi kuwa na ofisi kubwa. Karibu majengo yake yote yako Australia, mengi ni nyumba za familia moja, na mwaka 2002 alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo ya juu kabisa katika fani hiyo. Wanaoandika juu yake hutaja vyanzo viwili vya fikra zake: nyumba za chuma na kioo za Mies, na nyumba za visiwa vya Pasifiki zilizoinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini na upepo upite kati. Cha kwanza kina jina la mtu, mwaka na ramani iliyohifadhiwa kwenye makavazi. Cha pili hakina jina la mtu hata mmoja.

Hakuna anayedai kwamba Murcutt aliijua Kyela. Anafaa hapa kwa sababu nyumba alizosifiwa kwazo zinajibu maswali yale yale ambayo mjenzi wa Ikolo alikuwa nayo: joto zito, mvua nyingi, maji ya mafuriko, wadudu wa ardhini, upepo unaotoka kwenye maji. Nyumba aliyoijenga Yirrkala, kaskazini mwa Australia, kwa ajili ya msanii wa Kiaborijini Banduk Marika na mwenzake, ilikamilika mwaka 1994. Imeinuliwa kutoka ardhini, upenu wake ni mpana, haina kioo hata kimoja, na kuta zake ni paneli za mbao zinazofunguliwa ili hewa ipite. Paa lake ni bati. Kumbe bati lenyewe halina kosa, nami nitalirudia jambo hili, kwa sababu mazungumzo mengi juu ya nyumba zetu za zamani huharibika pale bati linapofanywa mshtakiwa.

Sasa tuitazame nyumba ya tambarare kwa jicho lile lile. Ziwa liko karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, milima ya Livingstone inasimama upande wa mashariki na ile ya Rungwe upande wa kaskazini, na mawingu yanayokwama katikati yake huiletea Kyela mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi ambacho sehemu chache sana za Tanzania hukipata. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo zote humwaga maji yake hapa. Udongo ni wa mito, mweusi na laini, unaofaa mpunga kuliko msingi wa jengo, na mawe ni haba. Katika hali hiyo ukuta unaoinamia nje una maana. Paa la pia lililowekwa juu ya ukuta wa namna hii hufika mbali zaidi kuliko mguu wa ukuta, kwa hiyo tone la mvua huangukia mbali na udongo ambao ungeweza kulowa na kuporomoka. Matofali ya mviringo yaliyopachikwa kati ya fito za mwanzi hayabebi uzito. Mwanzi ndio unaobeba. Hivyo udongo ukipasuka au kumomonyoka, sehemu ile hutengenezwa bila kugusa kiunzi. Moshi wa jikoni hupanda kwenye nyasi, huzikausha na kufukuza wadudu. Migomba inayoizunguka nyumba hutia kivuli kwenye ukuta saa za jua kali, na uwanja uliofagiliwa chini yake huwanyima nyoka na mbu maficho. Mtu anayejenga kwa hesabu ya namna hii anasanifu, hata kama hajawahi kushika penseli.

Pingamizi la kwanza ni la wale wanaosema kwamba tunautegemea ushuhuda wa msafiri mmoja aliyechoka, aliyefika wakati wa kiangazi, akapumzika penye kivuli na ndizi baada ya miezi ya shida. Ni pingamizi la haki. Lakini Thomson hayuko peke yake. Frederic Elton alikuwa amepita nchi hiyo mwaka 1877. Alexander Merensky wa Misheni ya Berlin alikuja mwaka 1891 na kuandika juu yake. Daktari Friedrich Fülleborn alipiga picha na kuchora nyumba hizo kwa makini, akachapisha kazi yake kubwa mwaka 1906. Kisha Godfrey na Monica Wilson waliishi kati ya Wanyakyusa kuanzia mwaka 1934 hadi 1938. Hawa walikuwa watu wenye nia tofauti kabisa: mmoja alitafuta njia, mwingine waumini, mwingine vipimo vya sayansi, wawili wa mwisho walitaka kuelewa jamii. Wanapokutana kwenye jambo moja, yaani usafi wa vijiji na ustadi wa nyumba, ni vigumu kulitupa kama ndoto ya mchovu.

Monica Wilson ndiye anayetupa ufunguo, ingawa hakuutumia kufungulia mlango huu. Kitabu chake cha mwaka 1951 kinaeleza jinsi wavulana wa Kinyakyusa, walipofika miaka kumi au kumi na moja hivi, walivyotoka katika nyumba za baba zao na kwenda kujenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji. Waliendelea kula kwa mama zao, wakienda kwa makundi kutoka nyumba hadi nyumba, lakini walilala kwao. Wadogo zao waliwafuata, hadi wakubwa walipoona kundi limetosha na kuwaambia wanaofuata waanze kijiji kingine. Sababu iliyotolewa ilikuwa heshima: mtoto anayekua hapaswi kuwa karibu na mambo ya ndoa ya wazazi wake. Hoja ya pili ilikuwa ukwangala, maisha ya kukaa, kula na kuzungumza na wenzako, ambayo Wanyakyusa waliyaona kuwa chimbuko la akili na adabu. Vijana wale walikua pamoja, wakaoa wakiwa watu wazima, wakaleta wake zao katika kijiji kile kile. Ndipo ulipofika ubusoka, sherehe kubwa ya kizazi, ambamo malafyale, yaani chifu, na wazee walikabidhi utawala na ardhi kwa wana wao, na vijiji vya vijana vikawa vijiji kamili vya nchi.

Usome mpangilio huo kama mtaala. Mvulana wa miaka kumi na moja anajenga kibanda cha kwanza pamoja na wenzake. Kitavuja, kitainama, huenda kitaanguka, na hasara itakuwa ndogo kwa sababu chakula kiko kwa mama. Anajenga cha pili akiwa na nguvu zaidi na akiwa ameona kosa la kwanza. Anajenga nyumba ya kuolea, ambayo sasa wakwe wataitazama. Kijiji kikipewa ardhi mpya, anajenga tena. Mwanzi na nyasi havidumu, na ndiyo maana kila mtu alijenga mara nyingi katika maisha yake. Zaidi ya hayo alijenga mbele ya watu wa rika lake, wanaoona, wanaocheka, wanaolinganisha. Hakuna mwanamume aliyefika utu uzima bila kupita humo. Katika nchi nyingine ujuzi wa kujenga huwa mali ya ukoo fulani au chama cha mafundi. Hapa ulitawanywa kwa wanaume wote kwa nguvu ya desturi. Hiyo ndiyo sababu hatuna jina la msanifu wa Ikolo wa karne ya 19. Jina la fundi hukumbukwa pale ambapo wengi hawawezi anachoweza yeye.

Pingamizi la pili huzuka hapo hapo. Kama kila mtu alijenga sawa na baba yake, basi huo ni mrudio tu, na usanifu huanza pale mtu anapoamua kitu kipya kwa fikra zake. Mwaka 1964 Bernard Rudofsky aliandaa maonyesho New York juu ya majengo yasiyo na wasanifu, na tangu hapo wengi wamekubali kuyasifu majengo ya namna hii huku wakiyaweka chumba cha pili, kama maumbile mazuri yaliyojiotea. Nadhani wanakosea kuhusu mahali penye uamuzi. Nchi ya Wanyakyusa inaanzia ufukweni na kupanda hadi mahali ambapo usiku mtu hujikunyata kwa baridi, na nyumba hazikuwa za aina moja: palikuwa na za mviringo, na palikuwa na nyumba ndefu ambamo watu na ng'ombe walilala chini ya paa moja. Kuamua ipi ijengwe wapi, ielekee wapi, uwanja ukae wapi na migomba ipandwe upande gani, yote hayo yalirudiwa upya katika kila kijiji kipya, kwa sababu kijiji cha wana hakikukalia msingi wa kijiji cha baba. Murcutt mwenyewe, ukizitazama nyumba zake za miaka hamsini, amerudia umbo moja kwa uvumilivu mkubwa: nyembamba, ndefu, yenye paa jepesi, iliyogeuzwa kidogo kila mara kulingana na jua na mteremko wa mahali. Hakuna anayemwita mrudiaji. Tunaita kazi yake ukomavu, nasi tuko sahihi. Basi kipimo hicho kitumike kwa wote.

Shule ile ilivunjika vipi? Haikuvunjwa na jambo moja. Wamoraviani walianza kazi Rungwe mwaka 1891, mwaka ule ule ambao Misheni ya Berlin iliingia nchi hiyo, na baadaye Waberlin walikuwa na kituo Ikombe ufukweni. Misheni ilileta tofali, seremala, dirisha na pembe nne, lakini iliathiri zaidi kwa kuwakusanya Wakristo waishi karibu na kanisa, ambapo kilichowaweka watu pamoja ni imani badala ya rika. Kisha ikaja shule ya darasani, ikamchukua mvulana katika umri ule ule ambao zamani angekuwa anakata mwanzi. Machimbo ya dhahabu ya Lupa yaliwavuta vijana katika miaka ya 1930, na mishahara ikawapa njia ya kuoa na kujitegemea bila kusubiri wazee. Kahawa milimani na mpunga bondeni viliifanya ardhi kuwa mali ya kushikwa na mtu mmoja mmoja, na mwenye shamba la kudumu hahami na rika lake. Monica Wilson alirudi katika miaka ya 1950, na kitabu chake cha mwaka 1977 kinafuatilia mabadiliko ya mahusiano ya vizazi kuanzia mwaka 1875 hadi 1971; kufifia kwa vijiji hivyo ni sehemu ya habari yake. Ubusoka ulikuwa tayari umeanza kulegea alipoufanyia utafiti. Vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 vilikuta desturi iliyokwisha kudhoofika, vikawapanga watu kwa mistari iliyochorwa ofisini.

Linganisha mfuatano huo na ule wa bati, na utaona kwa nini nasema maelezo ya kawaida yanaanzia mahali pasipo sahihi. Bati lilikuwa kitu cha gharama kwa mkulima kwa muda mrefu. Mwaka 1977, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, Julius Nyerere alilalamika kwamba watu wanakataa tofali za kuchoma na vigae ambavyo wangeweza kuvipata, wakingoja saruji na bati. Kama hata wakati huo wengi walikuwa bado wanangoja, basi bati haliwezi kuwa ndilo lililoanza kuiua nyumba ya mwanzi. Watu walianza kungoja kwa sababu kile walichokuwa nacho kilikuwa kimeshuka ubora, na kilishuka ubora kwa sababu aliyekijenga hakuwa tena amejenga mara tatu kabla ya kuoa. Nyumba ya mwanzi iliyojengwa na mtu asiyejua ni nyumba mbaya kweli. Inavuja, inaliwa na mchwa, inaungua. Mtoto aliyelala humo ana haki ya kuichukia.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, nami sitaki kulipita kwa haraka: watu wa Kyela walichagua. Hakuna aliyewalazimisha kupaua kwa bati. Bati haliungui, halihitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, linakinga maji ya kunywa, na mjane hahitaji kuomba vijana wa kijiji wamkatie nyasi. Naongeza kwamba desturi ya vijiji vya rika haikuwa haki kwa kila mtu. Wasichana hawakuwa na vijiji vyao. Waliolewa mapema, mara nyingi kwa wanaume wakubwa kwao sana, huku vijana wa kiume wakicheleweshwa kuoa kwa kuwa ng'ombe walikuwa mikononi mwa wazee. Shule ninayoisifu ilisimama juu ya mpangilio huo, na sioni mtu mwenye busara anayeutaka urudi. Yote hayo nayakubali. Lakini kuchagua bati ni jambo moja, na kuchagua namna ya kulitumia ni jingine. Hapo ndipo chaguo lilipokosekana.

Umbo la nyumba lililoshuka hadi Ikolo lilitengenezwa kwingine. Wamisionari walipenda kukaa milimani kwa kuogopa homa ya ufukweni, na nyumba ya tofali yenye kuta nene na madirisha machache inafaa Rungwe, ambako jioni mtu hutafuta moto. Ikifika tambarare inakuwa tanuri. Bati lililopigiliwa moja kwa moja juu ya kenchi bila dari, upenu wa kiganja kimoja, tundu dogo la dirisha upande mmoja tu wa chumba: hakuna kati ya hayo kinachodaiwa na bati au tofali. Yanatokana na ramani iliyonakiliwa na mtu ambaye hakufundishwa mahali hapa. Ushahidi upo wazi duniani. Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyepewa tuzo ya Pritzker mwaka 2022 akiwa Mwafrika wa kwanza kuipata, alijenga shule ya kijiji chake cha Gando mwaka 2001 kwa udongo na bati. Aliliinua bati juu ya dari ya tofali ili hewa moto itoke katikati yake, na upenu akaurefusha kuukinga ukuta dhidi ya mvua. Beda Amuli, msanifu majengo wa Tanzania, alifanya jambo la jamii hiyo kwa zege katika Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, kwa mapaa yanayofanana na miamvuli mikubwa yanayotia kivuli na kupitisha hewa. Wote wawili walisoma ng'ambo, Ujerumani na Israeli, na wote wawili walikabiliana na swali ambalo mvulana wa tambarare alilijibu kwa mikono yake kabla hajabalehe.

Picha na michoro ya Fülleborn imo katika vitabu vya Kijerumani, na karatasi za akina Wilson zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Cape Town, zikiwa na kumbukumbu za miaka minne ya kukaa katika vijiji hivyo. Mwanafunzi wa usanifu kutoka Chuo Kikuu Ardhi anayeweza kuzisoma na kisha kukaa Ikolo kipindi cha masika, akapima upenu wa nyumba kumi za bati, unyevu wa miguu ya kuta zake na joto la vyumba vyake saa nane mchana, angekuwa na kazi ya kutosha shahada nzima. Fundi mwashi wa Kyela anayepaua leo angeweza kuanza kesho kwa kurefusha kenchi hadi bati lipite ukuta kwa mita moja na kuacha nafasi ya hewa chini ya kilele cha paa. Gharama yake ni mbao chache na bati kadhaa za ziada kwa nyumba ya vyumba vitatu, na mwenye nyumba atalipa iwapo kuna mtu atakayemweleza kwa nini.